Kitunguu saumu: kiponde, kiache kidogo, ndipo ukikaange

Chukua punje moja ya kitunguu saumu, imenye taratibu bila kuichubua, kisha inuse. Utashangaa jinsi harufu yake ilivyo hafifu. Ikate katikati, harufu inaanza kutoka. Itie kwenye kinu uiponde, na kabla hujaweka mchi chini jiko zima linanukia, macho yanawasha kidogo, na ukijaribu kulamba ncha ya kidole ulimi unachomeka. Punje ni ileile. Kilichotokea ni kwamba umeivunja.

Karibu kila faida inayosemwa juu ya kitunguu saumu inaanzia hapo, kwenye kule kuvunjika, na makosa mengi tunayoyafanya jikoni yanaanzia hapohapo. Ndani ya punje nzima kuna vitu viwili ambavyo mmea umevitenga visikutane. Kimoja ni aliini, kampaundi yenye salfa ambayo haina harufu. Cha pili ni kimeng'enya kinachoitwa aliinesi. Kisu au mchi ukibomoa kuta za seli, vitu hivi vinachanganyika na papo hapo inazaliwa alisini, ambayo ndiyo ule ukali tunaoujua. Mmea unaitumia kujikinga na wadudu na kuvu wanaoutafuna. Mwaka 1944 wakemia wawili wa Marekani, Chester Cavallito na John Hays Bailey, walifanikiwa kuitenga alisini na kuonyesha kwamba inaua bakteria wa aina nyingi maabara. Miaka michache baadaye Arthur Stoll na Ewald Seebeck, wakiwa Basel nchini Uswisi, wakaeleza aliini na namna inavyogeuka.

Mpishi anapaswa kujua mambo mawili kuhusu alisini. La kwanza, haidumu: ikishazaliwa inaanza kuvunjika na kuwa kampaundi nyingine za salfa, ambazo nazo zina kazi zake mwilini. La pili, na hili ndilo kubwa, kimeng'enya kinachoizalisha hakistahimili moto. Ukitupa punje nzima kwenye supu inayochemka, aliinesi inaharibika kabla haijaifikia aliini. Utapata ladha laini, tamutamu, lakini ule ukali hautazaliwa tena hata uziponde punje hizo baadaye.

Ndiyo maana nasisitiza kusubiri. Mwaka 2001 watafiti Kewen Song na John Milner walichapisha jaribio walilolifanya kwa panya wa maabara. Saumu iliyopashwa moto kwenye maikrowevu kwa sekunde 60 tu ilipoteza uwezo wake wa kuzuia hatua za awali za saratani kwa panya hao. Lakini ilipopondwa kwanza ikaachwa dakika 10 ndipo ikapashwa moto, sehemu ya uwezo ule ilibaki. Panya si binadamu, na mtu yeyote asisome hapa kwamba saumu inatibu saratani. Ninachokichukua mimi ni zile dakika 10. Hazina gharama. Ponda saumu kabla ya kitu kingine chochote, iache kwenye kisahani, kisha menya vitunguu maji, katakata nyanya, osha mchele. Ukifika kwenye sufuria, kazi ya kimeng'enya imeshakwisha na alisini imeshazaliwa, na moto utakuta kitu cha kukipunguza badala ya kukizuia kisizaliwe.

Sasa tuingie kwenye pilau, maana ndiko saumu inakoonewa sana. Wapishi wengi chipukizi hutia vitunguu maji na saumu kwenye mafuta kwa wakati mmoja. Vitunguu maji vina maji mengi na vinahitaji muda mrefu kufikia ile rangi ya kahawia iliyokolea inayoipa pilau sura yake. Saumu ina maji machache na sukari iliyojibana, hivyo inaungua wakati vitunguu bado vyeupe. Saumu iliyoungua huwa chungu, na uchungu ule haufunikwi na bizari wala mdalasini. Mpishi wa shughuli anayejua kazi yake husubiri vitunguu vifike, ndipo anatia saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, anakoroga mpaka ile harufu ya ubichi ikatike, kisha haraka anatia nyama au nyanya ili unyevu wake uuzuie moto. Ni jambo la dakika moja au mbili tu, na pilau nzima inategemea hapo.

Ukitaka saumu yenyewe isikike kwenye chakula, igawe mara mbili. Nusu itie mwanzoni, ikaangwe iwe msingi wa mchuzi. Nusu nyingine, iliyopondwa na kusubiri, itie mwishoni kabisa, zima moto, funika. Maharage ya nazi yakipikwa hivi yanakuwa chakula kingine. Mchicha pia: ukishanywea sufuriani, tia kijiko kidogo cha saumu iliyopondwa, geuza mara moja, epua. Bamia, mlenda na kisamvu vyote vinapokea njia hii.

Ndimu nayo ina wakati wake. Asidi kali inakizuia kile kimeng'enya kufanya kazi, kwa hiyo ukiponda saumu na kuikamulia ndimu papo hapo unakuwa umeifunga kabla haijafunguka. Kwa samaki wa kupaka, mathalani, ambaye Mombasa na Lamu hawamfanyii mzaha, mpasue samaki mbavuni, twanga saumu, tangawizi, pilipili na chumvi, uache vikae, ndipo ukamue ndimu na umpake mpaka ndani ya ile mikato. Mchome juu ya makaa. Tui zito lililochemshwa na ukwaju likishashika, mpake huku unamgeuza. Mishkaki ni vilevile. Lakini kama unatengeneza chatne ya kula mbichi na hutaki iwatoe machozi wageni, fanya kinyume: tia ndimu mara tu unapoponda.

Na wasioupenda ukali kabisa wasikikimbie kitunguu hiki. Kata kichwa kizima upande wa juu, kipake mafuta, kifunge kwenye karatasi ya foili na kukizika pembeni mwa makaa kwa nusu saa hivi, au zaidi kama kichwa ni kikubwa. Punje zinalainika, zinakuwa za hudhurungi na tamu, unazikamua kama dawa ya meno juu ya viazi vya kuponda, muhogo wa kuchemsha au mkate. Kiafya, hapa alisini ni kidogo sana. Kwa ladha sijui kiungo kingine kinachobadilika hivi.

Je, faida zenyewe kwa mwili ni zipi? Nianze na ile ninayoiona ina msingi imara zaidi, nayo ni presha. Majaribio mengi madogo yamekusanywa na kupimwa pamoja, mengine na mtafiti Karin Ried wa Australia, na yanaonyesha kwamba kwa watu wenye presha ya juu, matumizi ya saumu kwa wiki au miezi kadhaa yaliishusha ile namba ya juu kwa takriban nane. Kwa wenye presha ya kawaida badiliko lilikuwa dogo mno. Nane si haba. Kuna dawa za presha zinazoshusha kiasi hicho. Ila majaribio yale yalitumia zaidi vidonge vya saumu iliyokaushwa au kuvundikwa muda mrefu, kwa kipimo maalumu kila siku, na baadhi ya washiriki waliendelea na dawa zao za hospitali. Hakuna aliyetafuna punje mbili asubuhi na kutupa vidonge vyake jalalani.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu presha si ugonjwa wa wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya uitwao STEPS, uliofanyika Tanzania mwaka 2012, ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Wengi hawahisi chochote. Na mtu asiyehisi chochote ni rahisi sana kumshawishi aache kidonge ambacho haoni kinamfanyia nini, ahamie kwenye kitu cha jikoni ambacho jirani yake anakiapia. Kiharusi hakibishi hodi. Ukipenda saumu, ile, pamoja na dawa zako, na kipimo cha presha ndicho kitakachokuambia kama kuna kinachobadilika.

Kuna njia nyingine ambayo saumu inaisaidia presha, na nashangaa haitajwi: chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Viungo vya pakiti na vidonge vya mchuzi tunavyovitia kwenye kila sufuria siku hizi vimejaa chumvi. Mchuzi wenye saumu ya kutosha, tangawizi, nyanya zilizokaangwa zikajikamua, na ndimu ya mwisho, hauhitaji kile kidonge. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo familia ya Kiswahili inaweza kuipata kutoka kwa kitunguu saumu, na haihitaji imani yoyote: punguza chumvi nusu, ongeza saumu mara mbili, na uone kama kuna atakayelalamika mezani.

Kuhusu lehemu, habari si nzuri hivyo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Christopher Gardner, walichapisha jaribio la watu 192 wenye lehemu iliyopanda kiasi. Kwa miezi sita, siku sita kwa wiki, wengine walikula saumu mbichi iliyopondwa, kiasi cha punje moja, wengine vidonge vya saumu vya aina mbili, na wengine vidonge visivyo na kitu. Mwisho wake lehemu mbaya haikutofautiana baina ya makundi. Wapo watafiti wengine walioona nafuu ndogo kwa kukusanya majaribio mbalimbali, lakini hilo la Stanford lilifanywa kwa uangalifu mkubwa na linatosha kumfanya mtu asiitegemee saumu kwa jambo hili.

Mafua yana jaribio moja linalotajwa kila mahali, la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2001. Watu 146 walifuatiliwa kwa wiki 12. Waliomeza saumu walipata mafua mara 24, wasiomeza mara 65. Inapendeza, lakini jaribio moja dogo ni jaribio moja dogo. Na kuhusu korona, mwaka 2020, wakati masufuria ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki yalipokuwa yakichemsha tangawizi, malimau na saumu, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba saumu ni chakula chema lakini hakuna ushahidi kwamba inamkinga mtu na kirusi kile.

Zile orodha za vitamini nazipita haraka. Ni kweli gramu 100 za saumu zina kama miligramu 31 za vitamini C. Lakini gramu 100 ni punje 25 au 30. Punje moja inakupa kama miligramu moja, wakati chungwa moja la wastani linakupa karibu 70. Kula chungwa.

Liko jambo ambalo siwezi kulipita haraka. Kuanzia mwaka 1999 hadi 2008 waziri wa afya wa Afrika Kusini alikuwa Manto Tshabalala-Msimang. Nchi yake ilikuwa na watu wanaoishi na VVU wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na dawa za kufubaza virusi zilikuwepo. Serikali ya Rais Thabo Mbeki ilisitasita kuzisambaza, na waziri, daktari kwa taaluma, akawa anawaambia wananchi habari za saumu, limau na bitiruti. Mwezi Agosti 2006, kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI mjini Toronto, banda la Afrika Kusini lilipanga saumu, malimau na bitiruti mbele ya dunia nzima. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walikadiria kwamba zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kwa sababu nchi ilichelewa kutoa dawa kati ya mwaka 2000 na 2005. Saumu haikumuua hata mmoja wao. Waliuawa na kule kuwekwa kwake mahali pa dawa, na mtu mwenye mamlaka ya kusikilizwa. Kila ninapopokea ujumbe wa kusambazwa unaosema saumu na asali vinaponya hiki na kile, nawakumbuka watu hao, na siusambazi.

Tena, saumu ya vidonge inaweza kuingilia dawa zenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya njema vidonge vya saumu pamoja na sakwinaviri, moja ya dawa za zamani za kufubaza virusi (ARV), na kiwango cha dawa hiyo kwenye damu kikashuka kwa karibu nusu. Dawa hiyo haitumiki sana leo, lakini funzo lake bado ni hai: anayetumia ARV amwambie mhudumu wa kliniki yake ya tiba na matunzo (CTC) kila kidonge cha asili anachomeza. Vilevile anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu saumu nyingi hulegeza kuganda kwa damu. Madaktari wa usingizi kwa kawaida hushauri vidonge vya saumu viachwe angalau wiki moja kabla ya upasuaji. Saumu ya kwenye mchuzi haina neno. Tunazungumzia vidonge na utafunaji wa punje nyingi kila siku.

Na tafadhali, msiwafunge watoto saumu iliyopondwa kifuani, miguuni au shingoni usiku kucha. Ule ukali ulioulamba kwenye kidole unaunguza ngozi. Hospitali za nchi mbalimbali zimeandika visa vya watoto wachanga waliobabuka malengelenge kama walioungua moto kwa sababu ya bandeji ya saumu waliyowekewa na watu wanaowapenda.

Kosa jingine liko kwenye friji, au pembeni mwa jiko. Wengi tunasaga saumu na tangawizi kwenye blenda kwa mafuta na kujaza chupa ili kurahisisha mapishi ya wiki. Saumu imetoka udongoni, na udongoni kuna bakteria wa klostridiamu botulinamu. Bakteria huyu hapendi hewa, na mafuta yanamfungia hewa nje. Mwaka 1985 watu 36 waliugua botulizimu baada ya kula kwenye mgahawa mmoja mjini Vancouver, Kanada, na chanzo kilikuwa saumu iliyohifadhiwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye ubaridi. Sumu hiyo inapooza misuli, hata ya kupumulia, na haina harufu wala ladha ya kumtahadharisha mtu. Saga bila kuifunika kwa mafuta, igandishe kwenye trei ya barafu, na kila siku toa kipande kimoja. Ukiisaga kwa mafuta, iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku chache. Kamwe isikae mezani.

Achari ya saumu haina hatari hiyo kwa sababu siki inamzuia bakteria. Ila wakati mwingine punje hugeuka kijani au bluu ndani ya chupa na mwenye nyumba huimwaga yote akidhani imeoza. Haijaoza. Kampaundi za salfa zimekutana na asidi za amino za saumu ndani ya siki, zikatoa rangi. Huko China kaskazini kuna achari ya saumu inayotengenezwa makusudi ili iwe ya kijani, na huliwa na maandazi ya nyama wakati wa mwaka mpya.

Harufu ya mdomo ni malalamiko ya zamani. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwakataza waliokula saumu mbichi kuukaribia msikiti wakiwa na harufu ile, na imepokewa kwa Sayyidna Umar kwamba anayetaka kuila aiue kwanza kwa kuipika. Kemia inakubaliana naye. Mswaki hausaidii sana kwa sababu harufu haitoki mdomoni pekee: gesi moja ya salfa inaingia kwenye damu, inafika mapafuni, na inatoka na pumzi kwa saa nyingi. Kwenye Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, Sheryl Barringer na wenzake wamepima na kuona kwamba maziwa, tofaa bichi, nanaa na saladi mbichi hupunguza gesi hiyo, na maziwa hufanya kazi vizuri zaidi yakinywewa pamoja na chakula kuliko baadaye. Kikombe cha mtindi pembeni ya pilau kina sababu zaidi ya moja.

Sokoni, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kongowea mjini Mombasa, mara nyingi utakuta saumu za aina mbili. Zile kubwa, nyeupe, zilizonyolewa mizizi, nyingi zimetoka China, ambayo peke yake huzalisha takriban robo tatu ya saumu yote ya dunia. Zile ndogo, zenye maganda ya zambarau na punje zinazokera kumenya, ni za kwetu, nyingi kutoka nyanda za juu kama Mbulu mkoani Manyara. Mimi hununua za kwetu kila nikizipata. Ni kali zaidi, punje tatu zinafanya kazi ya tano, na mkulima yuko ndani ya nchi. Kuhusu kumenya, zibonyeze kwa ubapa wa kisu mpaka ganda lipasuke, au ziloweke maji ya vuguvugu dakika chache.

Chagua kichwa kigumu, kizito, ambacho punje zake hazibonyei chini ya kidole gumba. Usikiweke kwenye friji kikiwa kizima. Ubaridi unakiamsha kichipue. Kining'inize kwenye wavu mahali penye hewa, hasa pwani ambako unyevu unaleta ukungu. Punje iliyochipua si sumu, ila kile kichipukizi cha kijani katikati ni kichungu, kitoe. Zikichipua nyingi kwa mpigo, zipande kwenye kopo lenye udongo dirishani. Kwa joto la Dar es Salaam hazitafunga vichwa, maana kitunguu saumu kinataka baridi ndipo kifunge, lakini majani yatatoka ndani ya wiki moja au mbili. Yakifika shibiri yakate kwa mkasi, yakatekate, uyatie kwenye mayai ya kukaanga wakati mayai yanakaribia kushika.